Gari Lililoimba Mazishini

Kila aliyekutana na Tahira mchana ule katika soko la Rumonge alijua kwamba kuna mtu atakiona cha mtema kuni kabla ya magharibi. Aliifunika meza yake ya vitenge mapema, akamwachia jirani ailinde, akatupa mtandio begani na kushika njia ya ziwani. Mkononi alibeba kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na pea za vitenge, chupa ya manukato ambayo hakuwahi kuimaliza kwa kuionea huruma, na pete ndogo iliyofungwa ndani ya leso. Vyote alipewa na Jafari tangu siku ya posa, na vyote alikuwa anakwenda kumtupia usoni.

"Amahoro, Tahira!" alimwita muuza samaki wa ndagala.

Hakuitikia. Mtu mwenye moto kifuani hana nafasi ya salamu.

Na tusimlaumu, maana sababu alikuwa nayo. Bibi yake, Bibi Zuwena, mama mzazi wa baba yake, alikuwa amefariki kwake Nyanza-Lac. Tahira na shangazi yake Mwasiti walitangulia kwa gari la jirani mara tu habari ilipofika. Kesho yake asubuhi akaja Jafari, mchumba wake, na gari lake, ile Probox nyeupe, amembeba baba yake Tahira, Mzee Hamidou, pamoja na imamu na sanda. Siku hizo esansi ya magari ilikuwa haionekani Rumonge nzima. Jafari alimimina kwenye tangi dumu zima, bidoni aliyokuwa ameificha kwa ajili ya siku ya harusi yao, na hakumwambia mtu. Hadi hapo kila mtu alikuwa akimwombea dua.

Gari aliliegesha kwenye kichochoro, kando ya ua. Jeneza likatolewa, limebebwa mabegani, wanaume wakitamka shahada kwa sauti moja. Wanawake, kama ilivyo desturi, walisindikiza mpaka kwenye ua na hapo wakasimama, maana makaburini hawaendi. Tahira alikuwa mbele yao, kanga kichwani, pochi kwapani, macho yamevimba. Njia ikaonekana nyembamba. Mtu mmoja akasema, "Kijana, sogeza gari kidogo jeneza lipite." Jafari akaingia, akazungusha ufunguo.

Magitaa yakalipuka. Na ngoma juu yake, na kengele, kwa sauti ambayo hata harusini watu wangeomba ipunguzwe. Jeneza liliyumba mabegani. Imamu alikatizwa katikati ya shahada. Jafari alibonyeza hiki, akapiga kile, mpaka akachomoa ufunguo.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mzee Hamidou hakuwa na subira hiyo.

"Toka," alisema. "Toka na gari lako la ulevi. Mtu asiye na adabu ya maiti atakuwa na adabu ya mke? Uchumba wenu umekufa leo. Tutauzika pamoja na mama yangu."

Jafari alikitazama kioo cha redio. Kisha akamtazama Tahira, mara moja tu, akainamisha kichwa.

"Naomba radhi, Mzee. Kosa ni langu."

Na Tahira, pale kwenye ua, mbele ya macho ya ukoo mzima, akamgeuzia mgongo.

Tangu siku hiyo alikuwa akila hasira na kunywa hasira. Nyumbani hakukuwa na hadithi nyingine. Shangazi Mwasiti alirudia asubuhi na jioni kwamba yeye alisema mapema, dereva ni dereva, moyo wake uko kwenye magurudumu. Mzee Hamidou, ambaye tangu mwanzo alitaka binti yake aolewe na mfanyabiashara mwenzake, alikata shauri: vitu vya watu virudishwe, na siku ya kisomo cha arobaini atasimama mbele ya watu walewale aliowashuhudisha aibu, atangaze kwamba binti yake hana mchumba. Neno likishatoka pale halirudi. Na arobaini ilikuwa inakaribia.

Lakini kuna jambo moja Tahira hakumwambia mtu, na ndilo lililomuudhi kuliko yote. Usiku alikuwa bado anamuota yule mpumbavu.

Alimkuta ufukweni, pale madereva wanapooshea magari, suruali imekunjwa hadi magotini, magurudumu ya mbele ya Probox yamo majini. Ziwa lilikuwa limetulia na milima ya Kongo ilionekana ng'ambo. Jafari aliinua uso, na macho yao yakakutana. Tahira akamnyooshea kikapu.

"Chukua vitu vyako."

"Amahoro, Tahira."

"Usiniletee amahoro. Hiyo amani uliifukuza weye mwenyewe kule Nyanza-Lac. Chukua."

Jafari hakukipokea kikapu. Alijifuta mikono kwenye shati, akabaki anamtazama, kwa yale macho yake ya taratibu ambayo siku za heri yalimfanya Tahira asahau bei ya kitenge mbele ya mteja.

"Uko unakonda," alisema. "Hauli?"

"Kukonda kwangu hakukuhusu! Uliyaharibu matanga yetu, hukuona? Nilikuambia mara ngapi, Jafari? Kila ukiwasha gari, miziki. Mtu hajafunga mulango, miziki. Umebeba mugonjwa, miziki. Nilikuambia hii telefone yako iko siku itatuaibisha. Ulinijibu nini?"

"Nilisema nitairekebisha."

"Uliirekebisha?"

"Niliirekebisha."

"Muongo!" Sauti yake ilimfanya dereva aliyekuwa akiosha gari mbali kidogo ageuze shingo. "Kama uliirekebisha, nani alipiga miziki juu ya maiti ya bibi yangu? Malaika?"

Jafari aliinama. Akaokota kitambaa chake na kuanza kusugua taa ya gari ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Hapo ndipo hasira ya Tahira ilipopanda dari. Alikuja na maneno ya kutosha kumjibu mtu anayejitetea. Alijiandaa kwa visingizio, kwa viapo, hata kwa machozi. Hakujiandaa kwa mtu anayesugua taa.

"Jitetee basi! Sema kitu! Mwanaume gani anatukanwa mbele ya watu na anakaa kimya kama gunia la mihogo? Baba alikuita mulevi. Hata fanta haunywi ikiwa baridi, unaogopa meno, na ulikubali kuitwa mulevi!"

"Nilishaomba radhi, Tahira."

"Sitaki radhi! Nataka kujua mutu niliyetaka kuolewa naye ana akili au hana. Telefone iko wapi?"

Simu ilikuwa juu ya dashibodi. Tahira aliingiza mkono dirishani akaichukua, akabonyeza. Kioo kilibaki cheusi.

"Haina shaje," Jafari alisema. "Kwetu umeme haujarudi tangu jana."

"Vizuri. Basi leo haitakusaidia." Alifungua mlango wa dereva, akaketi, kikapu na pochi akavitupa kiti cha pembeni. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umeshika simu iliyokufa. "Nitakuonyesha ulivyofanya. Jeneza liko hapa. Imamu yuko pale. Weye ukaingia hivi, hukuangalia kulia, hukuangalia kushoto..."

"Tahira, shuka."

"...ukashika ufunguo hivi..."

"Usiwashe." Jafari aliiacha ile taa. Alikuwa amekuja mbio hadi mlangoni na kitambaa kinadondosha maji. "Nakuomba. Usiwashe."

"He! Leo una sauti? Kule mbele ya baba yangu sauti ulikuwa umemwazima nani?"

Akazungusha ufunguo.

Magitaa yakalipuka. Yaleyale. Ngoma, kengele, sauti ileile ya kupasua masikio, na ndege waliokuwa wametua mchangani wakaruka wote. Tahira aliitazama simu ya Jafari mkononi mwake. Nyeusi, imekufa, haina hata kijitaa. Akakitazama kioo cha redio. Kwenye kile kidirisha cha bluu, herufi zilikuwa zinapita taratibu, bila haya, jina aliloliandika yeye mwenyewe siku aliyonunua simu yake: TAHIRA.

Alivuta pochi. Simu yake ilikuwa inawaka ndani, inaimba kwa furaha zake yenyewe. Sasa sauti za wanawake nazo ziliingia kwenye wimbo, zikiitikiana juu ya magitaa:

*Vuta kasia polepole, bibi arusi asilowe...*

Ule haukuwa muziki wa Jafari. Ulikuwa wimbo wa Bibi Zuwena.

Jafari alipitisha mkono dirishani, akazima gari. Mkono wake ulipita karibu kabisa na shavu la Tahira, unanukia sabuni na ziwa, na hakuna aliyesogea.

Kumbukumbu ilimrudia yote kwa pamoja. Kabla Bibi hajafa, siku moja baba yake alikuwa Bujumbura na mzigo wa mawese. Bibi alikuwa anaumwa na kila anayetoka Nyanza-Lac alileta salamu zake. Tahira alimwambia shangazi kwamba anakwenda sokoni, akapanda gari la Jafari kwenye kona, kanga imefunika uso. Walimkuta Bibi amelala, hana hamu ya uji wala ya watu. Ila alipomwona Jafari na gari akasema anataka kuliona ziwa. Jafari alimbeba mikononi mpaka kiti cha mbele, wakaenda naye ufukweni Kabonga, wakaegesha mbele ya maji. Hapo Bibi akaomba wimbo wake wa arusi. Tahira aliutafuta kwenye simu yake, Jafari akaiunganisha na redio ya gari. Bibi alikuwa mzito wa sikio. "Ongeza," alisema. Wakaongeza. "Ongeza, mbona munaninyima?" Wakapandisha sauti ya simu mpaka mwisho. Na mgonjwa yule, aliyekataa uji, akacheza kwa mabega.

Baada ya siku hiyo Tahira hakupiga muziki tena, kwanza kwa sababu Bibi alizidiwa, kisha kwa sababu Bibi alikufa. Wimbo ule ukabaki wa mwisho kwenye simu, umekaa, unangoja gari. Kuizima bluetooth hakukumjia akilini. Hakujua kama ni kitu cha kuzimwa.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu palepale. Niliona jina lako kwenye redio."

"Na yako?"

"Yangu niliitoa alfajiri, kabla ya kwenda kumuchukua baba yako. Gari la matanga haliimbi, Tahira, hilo nalijua hata bila kuambiwa. Niliingia kwenye bluetooth nikafuta gari kabisa. Ukizima wimbo tu, kesho ukiwasha unarudi wenyewe. Yangu niliifuta. Sikuwaza kama na yako imo."

"Kwa hiyo uliirekebisha kweli."

"Nilikuambia."

"Na kwa nini hukusema!" Hasira ilikuwa imepata mlango mwingine, ikaingia nao. Tahira alishuka garini, mtandio ukabaki umenaswa kwenye kiti na hakuujali. "Kwa nini ulisema kosa ni lako?"

"Ningesema nini? 'Mzee, si telefone yangu, ni ya binti yako'? Watu wote pale wangeuliza swali moja tu. Telefone ya binti wa Hamidou imejuana wapi na gari la Jafari? Kila mutu alijua hujapanda gari hili mbele ya baba yako hata siku moja. Wangekumaliza pale pale kwenye ua, na bibi yako bado hajafika kaburini. Miye kuitwa mulevi, nitaoga, itatoka. Weye hilo jina lingekukaa."

Jafari alikuwa amefunguka, na mtu mkimya akifunguka hafungiki upesi.

"Baba yako kunifukuza, sawa. Amefiwa na mama. Lakini weye?" Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa ya taratibu tena. "Weye unanijua. Ulinigeuzia mgongo mbele ya watu, na hukuja kuniuliza. Nilikaa kila jioni nikisema leo atakuja, ataniuliza, 'Jafari, ilikuwaje?' Umekuja leo, na umekuja na kikapu."

Maneno hayo yalimpata pale hasa yalipolengwa. Tahira alitazama chini, kwenye mchanga, akaona miguu yake imelowa na hakukumbuka aliingia majini saa ngapi.

"Nimekulaani, Jafari," alisema. "Kila nikiswali nimekulaani. Na weye uliniacha nimulaani mutu asiye na kosa. Ulifikiri unanisaidia? Nani alikutuma unikatie shauri? Ungenitumia hata neno moja! Ulinifanya nimuchukie mutu..." Hakumaliza. Machozi yalimshika kwenye herufi ya mwisho.

"Ndiyo maana tairi zangu zinapasuka kila siku," Jafari alisema polepole.

Kicheko kilimtoka Tahira bila kutaka, kikachanganyika na kilio, akaunasua ule mtandio na kumchapa nao begani, akamchapa tena. Jafari alisimama akapokea. Angepokea hata fimbo.

"Nionyeshe kwenye telefone yangu," alisema Tahira alipotulia. Au tuseme alipokaribia kutulia. "Shika weye. Inafutwaje?"

Wakainama wote wawili juu ya kioo kidogo. "Hapa, bluetooth. Unaona jina la gari? Ukibonyeza hapa, ukathibitisha, basi. Haitajipigia tena hata ukilala humu ndani." Kidole cha Jafari kilikuwa juu ya neno lenyewe. "Nifute?"

"Usifute."

"Tahira, itakuaibisha tena."

"Usifute, nimesema. Iko ushahidi." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akazunguka gari, akaketi kiti cha mbele, akakipakata kikapu. Bluetooth aliizima kwanza ili wafike kwa heshima. "Twende nyumbani."

"Baba yako alisema nisikanyage kwake."

"Usikanyage basi. Utabaki ndani ya gari. Nitakanyaga miye."

Mzee Hamidou alikuwa ameketi mbele ya duka lake, kati ya bidoni za manjano za mawese, tasbihi mkononi. Mlangoni Shangazi Mwasiti alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele wa arobaini, na majirani wawili watatu walikuwa wamekuja kumsaidia kwa mikono na kumzidi kwa midomo. Probox nyeupe iliposimama ng'ambo ya barabara, midomo yote ilifungwa. Tahira alishuka. Kiti cha mbele. Mchana kweupe.

"Nani amelileta gari lile hapa?" Mzee Hamidou alisimama.

"Miye, Baba."

"Vitu vya watu umerudisha?"

"Sijarudisha. Wala sirudishi." Kikapu alikitua miguuni pa baba yake. "Telefone iliyopiga miziki kwenye maziko ya Bibi haikuwa ya Jafari. Ilikuwa yangu."

"Yoo!" Shangazi Mwasiti aliacha ungo. "Nyamaza, mutoto, watu wanasikia!"

"Wasikie, Shangazi. Jafari akitukanwa walisikia. Wasikie na hili."

Mzee Hamidou hakupaza sauti, na waliomfahamu walijua hiyo ndiyo dalili mbaya. "Telefone yako iliingia vipi kwenye gari lake?"

"Nilipanda. Siku ile ulipokuwa Bujumbura. Niliaga naenda sokoni, nikaenda Nyanza-Lac kumuona Bibi."

"Peke yako. Na mwanaume. Hujaolewa." Tasbihi ilikuwa imesimama. "Nimekulea hivyo? Miye nafukuza mutu asiye na adabu mbele ya umma, kumbe asiye na adabu yuko nyumbani kwangu, anakula kwangu, anasema uongo kwangu!"

"Ndiyo, nilisema uongo, na kwa hilo nipige. Lakini peke yangu nilikwenda kwa sababu wenye mama yao hawakwenda!"

Neno lilikuwa limetoka. Mchele ukanyamaza kwenye nyungo. Tahira mwenyewe aliogopa alichosema, ila hasira iliyokuwa imemlisha siku zote hizo haikumruhusu kurudi nyuma.

"Kila Ijumaa ulisema Ijumaa ijayo, Baba. Mara mawese, mara bidoni, mara mteja. Tulipoingia, swali la kwanza Bibi aliuliza, 'Hamidou amekuja nanyi?' Nikamwambia uko njiani. Huo nao ni uongo, na huo niliusema kwa ajili yako. Aliyembeba mama yako mikononi mpaka ziwani ni yule pale, uliyemwita mulevi. Bibi aliomba wimbo wake, hasikii vizuri, tukauweka juu kabisa. Alicheza, Baba. Kwa mabega. Wimbo ukabaki kwenye telefone yangu, na gari lilipowashwa ukajipiga wenyewe. Jafari aliona jina langu na akajitwisha lawama. Hakutaka nivuliwe nguo mbele ya watu. Na miye nikamugeuzia mgongo, na weye ukamuzika akiwa hai!"

Pikipiki ilipita, ikaenda zake.

"Wimbo gani?" Mzee Hamidou aliuliza mwishowe.

"Ule wa kasia."

Mzee alikaa tena, kama mtu aliyesukumwa. Mama yake alitoka Uvira kwa mtumbwi akiwa bibi arusi, na wanawake walimwimbia wimbo huo maji yote mpaka ng'ambo hii. Na huohuo ndio aliomwimbia Hamidou alipomwogesha utotoni, akimmwagia maji kidogo kidogo kila alipofika kwenye neno asilowe. Kule Nyanza-Lac hakuutambua. Alisikia magitaa, akasikia aibu, basi.

Alijishika uso kwa viganja. Alipoviondoa alikuwa mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. Akaokota kofia yake, akaivaa, akavuka barabara.

Jafari alipomwona anakuja alitaka kushuka, maana mkubwa hapokelewi umekaa.

"Kaa," alisema Mzee Hamidou. Alifungua mlango wa mbele, akaingia, akafunga. Tahira alikuwa amemfuata mbio, akasimama dirishani.

"Mama yangu alikaa wapi?"

"Hapo hapo ulipo, Mzee."

Mzee alikigusa kiti kwa kiganja, taratibu. "Tahira, rudisha ile kitu kwenye telefone yako. Ilivyokuwa siku ile."

Tahira akawasha bluetooth.

"Washa," Mzee alimwambia Jafari.

"Mzee, nikiwasha itapiga. Na sauti iko juu. Uko kwenye matanga, watu wanaangalia."

"Hamidou!" Shangazi Mwasiti aliita kutoka ng'ambo. "Muziki kabla ya arobaini?"

"Nyamaza, Mwasiti!" Mzee aliunguruma hata majirani wakarudisha mikono kwenye mchele. "Nilimutukana mbele ya watu, na mbele ya watu nitasikia kosa langu." Akamgeukia Jafari, na machozi yalikuwa yameshafika kwenye ndevu. "Nimesema washa, mukwe wangu."

Jafari akazungusha ufunguo. Wimbo ukaanza wenyewe, kwa sauti ile ile ya Kabonga, na safari hii hakuna mkono ulionyooshwa kuuzima.